Kelele Mbili za Mkanda Mmoja

Saa tano na dakika arobaini asubuhi, siku ya Alhamisi, mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya mfereji wetu alitoka darasani na chaki mkononi, akasimama katikati ya daraja, akaizuia mashine ya kuvuna mpunga kama mtu anayezuia mbuzi. Owiti, dereva wetu, akasimamisha. Mimi nilikuwa nyuma kwa miguu, na kabla injini haijazimwa nilikuwa nimeshatazama saa. Hayo ni mazoea yangu. Fundi ambaye hajui kelele ilianza lini hana pa kuanzia kuitafuta.

"Fundi Zablon," Madam Adhiambo akasema, "hii kitu inalia aje? Wiki iliyopita haikuwa hivi."

"Madam, tunaiangalia."

"Muiangalie vizuri. Jumatatu watoto wangu wanaanza mtihani wa kitaifa. Mkipita hapa na hiyo kelele, nafunga daraja mpaka mtihani uishe. Nimeshaongea na chifu."

Kisha akarudi darasani. Hakutupa nafasi ya kujitetea.

Nyinyi mnaoshika spana leo mmezizoea mashine hizi, lakini nieleze kwa ajili ya wale ambao hawajaziona. Haina tairi. Inatembea juu ya mikanda miwili mipana ya mpira, mmoja kushoto na mmoja kulia. Ndani ya kila mkanda kuna rola za chuma zinazobeba uzito, na kuna sproketi kubwa inayouvuta mkanda uzunguke. Ndiyo maana haizami kwenye tope la mpunga, mahali ambapo trekta lingelala kwa tumbo. Katika bonde letu la mto Kuja, mashamba ya mpunga yako ng'ambo ya mfereji, na uwanja wa kuanikia uko upande huu. Tangi la mashine likijaa, lazima ivuke kuja kumwaga mpunga, halafu irudi. Nilihesabu siku moja nikapata mara kumi na nne. Daraja ni moja tu, na liko hatua ishirini kutoka madirisha ya chumba cha mtihani.

Mashine ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama thelathini na mmoja. Mpunga wao ulikuwa umeiva wote pamoja, kwa sababu walipanda wote pamoja, na wale ndege wadogo wanaotembea kwa kundi kama moshi walikuwa wameanza kushuka. Mpunga uliokauka haungoji. Ukiuacha wiki moja unajimwaga wenyewe chini, na unaobaki kwenye shuke ni wa ndege.

Mwenyekiti wao, Mama Peres, alikuwa na ekari moja na nusu kule ng'ambo. Alikuwa pia na mjukuu, Brian, kwenye darasa lile lile la mtihani. Mchana ule alikuja mpaka nilipokuwa nimelala chini ya mashine, akaongea na miguu yangu.

"Fundi, sikia. Nikisema mashine ipite, mtoto wangu anafeli. Nikisema isipite, anafaulu halafu hana karo ya kuendelea. Mimi sichagui. Wewe ndiye utanyamazisha hiyo kitu."

"Mama, nina siku mbili tu za kazi kabla ya Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Kesho, keshokutwa, Jumapili. Mimi nahesabu tatu na zaidi."

"Keshokutwa ni Sabato."

Mama Peres ni Mkatoliki. "Haya," akasema, "basi hizo mbili zitumie vizuri."

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza, maana nililifanya dakika ishirini tu baada ya hapo. Niliukaza mkanda.

Kosa hili nilianza nalo ujana wangu. Nilipoajiriwa kwenye karakana ya matrekta ya miwa, nikiwa sijui hata kushika bomba la grisi, nilipewa mzee wa Ntimaru anifundishe, Mzee Nyamohanga. Wiki ya kwanza mkanda wa feni wa trekta moja ulikuwa unapiga filimbi. Nikaukaza. Ukapiga tena, nikaukaza tena, mpaka siku ya tatu beringi ya pampu ya maji ikapasuka na maji yakamwagika juu ya viatu vya meneja. Mzee Nyamohanga hakunigombeza. Alinipa kiti, akakaa mbele yangu, akasema, "Kijana, imba."

"Niimbe nini, Mzee?"

"Imba hiyo kelele uliyokuwa unaisikia kabla hujashika spana."

Nikaona haya, lakini nikaimba. Akanirekebisha kama mwalimu wa kwaya. Hapana, ilikuwa inaanza juu. Hapana, ilikuwa inakatika. Nilipoipata sawasawa alisema, "Hiyo ni ya mkanda mkavu, si ya mkanda uliolegea. Ungeiimba kwanza ungetumia nta, hungetumia spana." Tangu siku ile nimewaimbisha madereva wengi. Wanacheka, lakini wanaimba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nakaribia kustaafu, bado mkono wangu ulikimbilia spana kabla ya sikio. Mkanda wa kulia ulikuwa unapiga kelele, nikaukaza. Tulipoijaribu mashine kwenye murram, ile barabara ya changarawe, sasa ilikuwa inapiga yowe. Watoto wa shule walijaa madirishani kutazama ni nani anayechinjwa.

Ijumaa saa moja asubuhi nilianza upya, kwa utaratibu. Nilimwita Owiti.

Owiti ni mtu wa kisiwa cha Mfangano. Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa kuunda maboti ya ziwani, na mikono yake ilijua mambo ambayo yangu haikujua. Lakini yeye nami hatukuwa sawa msimu ule. Mwezi uliotangulia alikuwa amefunga bomba la dizeli lililovuja kwa uzi wa nyavu, nami nikamcheka mbele ya akina mama wote. Nilisema, "Hii si boti, bwana." Walicheka sana. Yeye hakucheka. Sikulitilia maanani.

"Owiti, imba kelele," nikamwambia.

"Fundi, saa hizi?"

"Imba."

Akainua kidevu, akatoa sauti nyembamba ndefu: "Wiiiiii." Akanyamaza.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Fundi."

Nikaandika kwenye daftari. Ningekuwa makini ningegundua kwamba kulikuwa na kitu kinakosekana kwenye wimbo ule. Kulikuwa na yowe, kweli, lakini chini ya yowe kulikuwa pia na mgongano, tak-tak, kama mtu anayegonga sufuria. Owiti, ambaye alikaa juu ya mashine ile siku nzima, aliimba yowe akaacha mgongano. Mimi nilidhani hana sikio la muziki.

Yowe nililimaliza Ijumaa hiyo hiyo, na aliyenisaidia simjui hata kwa jina. Mimi sikusoma chuo. Nilichojua nilikipata kwa watu na kwa kusoma, na siku hizi nasoma kwenye simu wakati wa chakula. Mchana ule nilitafuta habari za mikanda ya mpira inayopiga kelele, nikajikuta kwenye ukurasa wa watu wa nchi za baridi wanaoendesha pikipiki za theluji. Zina mkanda wa mpira kama wetu, mmoja tu, katikati, na rola ndani yake. Nikamsomea Owiti tukiwa tunakula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe.

"Pikipiki ya kutembea juu ya barafu?" akauliza. "Wanaenda wapi?"

"Wengine kazini. Wengine wanatembea tu."

"Wanatembea tu, kwa baridi hiyo. Na wanalalamika kelele?"

"Wanalalamika sana."

"Ai yawa. Kumbe matajiri pia wana shida."

Lakini mwenye ukurasa ule alikuwa fundi wa kweli, na nilinakili maneno yake mawili kwenye daftari. La kwanza: watu wengi wakisikia kelele hukaza mkanda, na mkanda uliokazwa mno hulia kuliko uliolegea. Nilihisi Mzee Nyamohanga amenipiga kofi kutoka kaburini. La pili lilikuwa jipya kwangu. Alisema theluji yenyewe ndiyo grisi ya mkanda. Mashine ikipita juu ya theluji, ile theluji huingia ndani, hulainisha na kupoza. Ikipita juu ya barabara kavu, sehemu zinasuguana, zinapata moto, zinalia.

Nikaweka simu chini. Sisi hatuna theluji, lakini tuna tope. Ndani ya shamba mashine yetu haikulia hata siku moja. Ilikuwa inalia darajani, kwenye murram mkavu, baada ya tope kukauka kwenye rola. Mkanda ulikuwa na kiu.

Basi nikaulegeza. Mpime hivi, na muandike: nyanyua mashine kwa jeki mpaka mkanda uning'inie, kisha ingiza vidole kati ya rola ya katikati na mkanda. Vidole viwili vya mtu mzima vikiingia vimelala, acha. Kimoja kikikataa, umekaza mno. Vinne vikiingia, utautoa mkanda kwenye rola kwenye kona ya kwanza. Halafu nikamwambia Owiti kwamba kabla ya kupanda daraja awe anapitisha mashine kwenye maji ya kina kifupi pembeni mwa mfereji, inywe. Tulijaribu. Yowe likafa. Nilifurahi kwa muda wa kama sekunde nne.

Tak-tak-tak.

Sasa mgongano ulisikika peke yake, na ulikuwa mbaya kuliko yowe, kwa sababu yowe mtoto anaweza kulizoea, lakini mgongano unaokuja na kuondoka unamfanya angoje mwingine. Nilitembea pembeni ya mashine, nikainama, nikazunguka. Injini inanguruma kichwani, mikanda yote miwili inatembea, kila kitu kinatetemeka. Tak ilionekana kutoka kila mahali. Nilisimamisha mashine nikaukagua mkanda wa kulia wote niliouweza kuuona, juu, mbele na nyuma. Ulikuwa mzima. Nikaamua kwamba ni beringi ya rola mojawapo imekufa. Rola ni sita kila upande. Kuzifungua zote ni kazi ya siku mbili na zaidi.

Mama Peres alikuwa amempigia simu wakala aliyetuuzia mashine. Wakala hakuja kuiona. Alisema kwa simu kwamba hiyo ni mikanda imekwisha, yote miwili ibadilishwe, akataja bei. Mama Peres alirudia bei ile kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo.

Jua likawa linashuka. Nikaanza kufuta spana zangu, moja moja, na kuziweka kwenye kisanduku.

"Fundi, unaenda?" Mama Peres akauliza.

"Sabato inaingia, Mama."

"Mungu wako hawezi kuniongezea saa moja?"

"Ameshaniongezea Jumapili."

"Wewe," akasema, lakini nilimwona akicheka upande mmoja wa mdomo. "Haya. Lakini kesho si siku ya mtihani. Owiti na mimi tutavuna tutakachoweza, na kelele yetu."

Kanisa letu liko kwenye mteremko, juu ya barabara inayotoka sokoni kwenda kwenye mfereji. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, dirisha liko wazi, tunajifunza somo. Mzee wa kanisa, Mzee Elisha, alikuwa anasimamia. Nikasikia mashine inatoka kule juu sokoni, ilikokwenda kujaza dizeli. Kwanza nilisikia injini tu. Halafu ilipofika kwenye mteremko, Owiti akapunguza mafuta, kama nilivyomfundisha, iteremke polepole. Mngurumo wa injini ukazama. Na kutoka mbali vile, kama nusu kilomita, kikabaki kitu kimoja tu kinachosafiri hewani.

Tak-tak-tak-tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak-tak-tak-tak. Kimya.

Sita, kimya, sita, kimya. Siku mbili nimekuwa karibu nayo kiasi kwamba nilisikia fujo tu. Mbali vile ilikuwa na mpangilio kama ngoma. Ukutani mbele yetu kuna saa yenye mkono wa sekunde. Sikukusudia, lakini macho yakaenda. Kutoka sita moja hadi sita nyingine zilikuwa sekunde nne.

Nifikirieni hapo, Biblia mapajani, nikijizuia kufikiri, na fikra zinakuja zenyewe. Mkanda wetu una urefu wa mita nne na nusu na kidogo. Kwenye mteremko mashine huenda kwa mwendo wa mzee anayetembea, zaidi kidogo ya mita moja kwa sekunde. Basi sekunde nne ni mzunguko mmoja mzima wa mkanda. Rola ikiwa mbovu, italia kila inapozunguka, na rola ni ndogo, inazunguka mara mbili kwa sekunde moja bila kupumzika. Hii ilikuwa inapumzika. Rola hazina kosa. Kuna mahali pamoja kwenye mkanda, pamoja tu, panapita chini ya rola sita, moja baada ya nyingine, panagonga sita, halafu panapanda juu panakaa kimya mpaka parudi.

Ibada ilipoisha Mzee Elisha alinifuata mlangoni.

"Ndugu Zablon, niliona kidole chako kinapiga Biblia. Tulikuwa hatujaanza kuimba."

"Mzee, nisamehe. Nilikuwa nahesabu mashine."

"Kuhesabu ni kazi."

"Hata katibu wetu leo amehesabu waliokuja na waliosoma somo siku saba."

Akanitazama. Mzee Elisha ni mtu wa haki. "Ulihesabu tu, hukushika kitu?"

"Sikushika kitu."

"Basi endelea kutoshika kitu mpaka jua litue," akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Nami sikushika. Jua lilipotua giza likaingia mara, na mimi gizani sichezi na jeki. Nimewaona watu walioacha vidole huko. Nililala. Nasema hivi kwa sababu vijana mnapenda kusifia kazi za kukesha. Kama ningepewa ile Jumamosi nzima, ningeitumia kufungua rola kumi na mbili zisizo na kosa.

Jumapili saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nilikuwa kwenye mashine. Owiti alikuwa ameshafika, amesimama mkono mfukoni. Nilipiga jeki upande wa kulia, nikaweka magogo chini kwa usalama, nikachora mstari wa chaki kwenye mkanda. Nikaanza kuuzungusha kwa mkono, hatua kwa hatua, nikiukagua upande wa ndani, ule unaokanyagwa na rola, mpaka chaki irudi kwangu. Jambo hili ningelifanya Alhamisi. Siku zote mbili nilikagua mkanda ukiwa umesimama, kwa hiyo niliona sehemu ya juu na pembeni tu. Sehemu iliyokuwa chini, inayogusa ardhi, sikuiona hata mara moja.

Mkanda ukageuka. Kutoka chini, ndani ya tope lililokauka, kikapanda kitu kinachong'aa.

Nikafuta tope kwa kidole gumba. Kilikuwa kipande cha bati la debe la mafuta ya taa, kimekatwa vizuri, kona zake zimekunjwa, kimepigiliwa kwenye mpira kwa misumari midogo ya viatu. Chini yake kulichungulia pamba. Upande mmoja misumari ilikuwa imeng'oka, na bati limesimama kama ulimi. Kila rola ikipita, inaukanyaga ulimi: tak.

Sikuinua kichwa. "Owiti."

"Fundi."

"Hii ni boti ya nani?"

"Ilikatwa na jembe, Fundi," akasema. " Kuna mtu aliacha jembe lililovunjika shambani, wiki tatu sasa. Nikaona waya za chuma zilizo ndani ya mpira. Nikajua maji yakiingia hapo, waya zitaoza. Boti ikipata ufa hungojei, unaweka pamba, unaweka bati. Ziwa haliingii."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Mkanda ulikuwa bado mikononi mwangu. Nikauliza jambo moja zaidi. "Na kila siku mashine ilikuwa inasimama hapa na hili bati likiwa chini. Ni bahati?"

"Nilikuwa naegesha nikililalia," akasema. "Nilikuwa naangalia mpaka liingie chini, ndiyo nazima."

"Na wimbo wako wa Ijumaa?"

"Nilikuimbia nusu."

Hapo nilicheka, na safari hii nilikuwa najicheka. Dereva amenificha bati kwa siku tatu kwa ustadi ambao ningefurahi kuuona kwa fundi yeyote, na aliyemfundisha kuficha ni mimi. Nilimwambia, "Siku ile ya uzi wa nyavu nilikosea, ndugu yangu. Mbele ya watu nilikosea, na mbele ya watu nitasema." Akatoa mkono mfukoni, akashika bisibisi, tukaanza kung'oa misumari pamoja.

Chini ya bati mpira ulikuwa umekatwa urefu wa kiganja. Nikaifunua pamba polepole, nikitarajia kutu. Waya zilikuwa zinang'aa. Wiki tatu kwenye maji na tope, na hakukuwa na hata doa. Nimefanya kazi na mikanda ya mpira miaka kadhaa, na nimeshaona mkato kama ule ukioza waya kwa siku kumi.

Tulimwita fundi wa tairi kutoka Migori mjini, akaja na pikipiki, clampu yake ya kuchoma viraka imefungwa nyuma kama mtoto. Alikwangua mpira, akaupaka dawa, akaweka kiraka kibichi, akakibana, akakichoma. Alichukua saa moja na nusu na hakuongea hata neno moja. Wakati kiraka kinapoa nilitia grisi rola zote sita, nikapima tena vidole viwili, nikaulegeza mkanda wa kushoto pia ulingane na wa kulia, maana mikanda isiyolingana huvutana na kulia.

Saa kumi alasiri Madam Adhiambo akatufungulia chumba cha mtihani. Alikuwa na njia yake ya kupima, nami niliiheshimu. Alimketisha Mama Peres kwenye dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha la daraja, magoti yakigusa ubao wa juu. Madirisha yote yakafunguliwa. Brian na wenzake walikuwa nje wamejikunja kwa kicheko.

"Cucu, usiibie!" Brian akapaza sauti, akimwita nyanya yake kwa neno la Kikuyu.

"Nani cucu? Sisi ni Waluo hapa. Nyamaza nisikie mwalimu!"

Madam akasimama mbele na karatasi. "Mama Peres, nitasoma maswali kwa sauti ya kawaida. Sirudii. Unaandika jibu. Ukikosa kusikia hata neno moja, daraja nafunga."

"Soma, mwalimu."

Nikiwa mlangoni nilimpungia Owiti mkono. Akapitisha mashine majini, ikanywa, akapunguza mafuta, akaja. Madam akaanza kusoma. Kuhusu bei ya sukari. Kuhusu basi linaloondoka saa mbili. Kuhusu mkulima mwenye gunia arobaini na tatu anayeuza kumi na saba. Mama Peres alikuwa ameinamisha kichwa karibu na karatasi, kalamu imebanwa kama sindano. Mimi nilikuwa natazama mkanda ukipita juu ya daraja.

Madam akafika swali la sita, akanyamaza. Mama Peres akainua kichwa.

"Zimebaki ishirini na sita," akasema. "Hizo gunia. Na ile ya basi nimeandika. Sasa mwalimu, mashine inapita saa ngapi? Magoti yameniuma."

Madam Adhiambo akanigeukia mimi, halafu akatazama dirishani. Mashine ilikuwa uwanjani, imeshamwaga.

"Imeshapita, Mama."

"Ile? Mimi nilidhani ni kinu cha unga cha sokoni."

Madam alisahihisha majibu yote sita kabla ya kutoa uamuzi. Nilimpenda kwa hilo. Matano yalikuwa sawa. La sukari Mama Peres alikataa kulikubali kwa sababu bei yenyewe, alisema, si ya kweli. "Mtapita," Madam akasema. "Lakini nikisikia tak moja, narudi pale darajani."

Hakurudi. Tulivuka kuanzia Jumatatu mpaka mtihani ulipoisha, na siku ya mwisho mpunga wa Mama Peres ulikuwa umeanikwa wote. Brian alitoka chumbani akaja moja kwa moja uwanjani kugeuza mpunga kwa miguu, bado na sare. Nilimuuliza kama alisikia chochote. Akasema, "Nilisikia tumbo langu tu."

Kwenye mkutano wa kikundi nilisimama nikasema nililoahidi kuhusu uzi wa nyavu, mbele ya akina mama wote thelathini na mmoja. Halafu nikasoma hesabu, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Bei ya wakala kwa mikanda miwili: shilingi laki mbili na elfu thelathini na sita. Kiraka, nauli ya pikipiki ya fundi wa tairi, na grisi: elfu mbili mia tisa na hamsini. Nikafunga daftari.

"Bado," Owiti akasema kutoka nyuma.

"Bado nini?"

"Bati langu. Lile debe nilinunua hamsini."

Akina mama wakaangua kicheko, na wote wakanitazama waone nitasema nini. Nilifungua daftari tena. Kama si bati lile, waya zingeoza siku nyingi, kiraka kisingeshika, na wakala angekuwa amesema kweli. Niliandika mstari mmoja zaidi, bati la Owiti, shilingi hamsini, nikajumlisha, nikatoa, nikawasomea kilichookolewa: shilingi laki mbili na elfu thelathini na tatu kamili.